Kompyuta ya Nyumbani Nayo Ipigiwe Hodi: Jinsi ya Kuilinda Familia na Virusi na Programu za Upelelezi



"Kaka, zile pesa zimefika? Mtoto anaendeleaje?"

Ndugu msomaji, maneno hayo aliniambia dada yangu kwa simu kutoka Wete, Pemba, baada ya sala ya Isha. Mimi sikuwa nimemwomba pesa, na wala sikuwa na mtoto mgonjwa. Nilikuwa nyumbani kwangu Chapwa, Tunduma, mkoani Songwe, ambako nimekuja kutafuta riziki ya biashara ya mchele kama walivyo ndugu zetu wengi wa visiwani waliotawanyika bara.

Dada alikuwa amepokea ujumbe kutoka kwenye akaunti yangu ya mtandao wa kijamii. Ujumbe ulisema mtoto amelazwa, simu yangu imeharibika, na atume shilingi laki mbili kwenye namba fulani. Kilichomfanya asitie shaka ni kwamba ulimwita kwa jina la utani ambalo ndani ya ukoo mzima ni mimi peke yangu ninayemwita. Aliyeandika alikuwa amekwishasoma mazungumzo yetu ya nyuma. Pesa zilikwenda, na hazikurudi.

Tulipofuatilia tuligundua kwamba mlango ulifunguliwa ndani ya nyumba yangu, kwenye kompyuta tuliyoiweka sebuleni ili watoto wasomee. Mtoto wa ndugu yangu, anayekaa kwetu kwa masomo, alitaka programu ya kuunganisha video za harusi. Programu hiyo huuzwa, naye akaipata ya bure mtandaoni, iliyovunjwa kufuli, zile ambazo vijana huziita "kraki". Maelezo yake yalimtaka kwanza azime kinga ya kompyuta, ndipo aifungue. Akazima. Akaifungua, hakikutokea kitu, akaona haifanyi kazi, akaendelea na mambo yake. Kumbe ilikuwa imefanya kazi yake yote.

Nimeandika makala hii ili familia nyingine isiingie katika mtihani huo. Si lazima uwe fundi ili uielewe. Jambo la msingi ni moja: programu mbaya mara nyingi haivunji mlango, bali hufunguliwa na mtu wa nyumbani bila ya kujua. Basi kinga ya kwanza ni kuirudisha desturi yetu ya hodi hadi kwenye kompyuta.

VIRUSI NI NINI, NA PROGRAMU YA UPELELEZI NI NINI?

Virusi vya kompyuta ni programu iliyotungwa na mtu, yenye uwezo wa kujinakili kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Si wadudu, wala havizaliwi kwa vumbi au kwa uchakavu wa mashine. Virusi vya mwanzo vilivyoenea kwenye kompyuta za aina tunazotumia majumbani viliitwa Brain, na vilitoka Lahore, Pakistan, mwaka 1986. Vilitungwa na ndugu wawili waliokuwa wakiuza programu za kompyuta, na ndani yake waliandika majina yao, anwani na namba ya simu. Walieleza kwamba lengo lao lilikuwa kuwabana watu walionakili programu yao bila ya idhini. Kwa hiyo tangu mwanzo, habari ya virusi na habari ya programu za kunakili kwa njia isiyo halali zimekwenda pamoja.

Programu ya upelelezi ni aina nyingine. Hii haitaki uione. Hukaa kimya na kukusanya: maneno ya siri, herufi zote unazobonyeza, picha, mazungumzo, na wakati mwingine sauti na picha kupitia kamera. Iliyoingia kwangu ni ya jamii ya wezi wa maneno ya siri. Hizi huchukua maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari cha intaneti, na pia huchukua ule uthibitisho mdogo unaoifanya akaunti ibaki wazi bila ya kukuuliza neno la siri kila mara. Mwizi akiupata, anaingia kana kwamba ni wewe. Si jambo la nadra. Mei 2025 kampuni ya Microsoft ilitangaza kwamba katika muda wa miezi miwili tu iligundua zaidi ya kompyuta 394,000 duniani zilizoingiwa na programu moja ya aina hiyo iitwayo Lumma.

Tena, kinachopelelezwa si mtu mmoja. Mwaka 2014 raia wa Marekani mwenye asili ya Ethiopia, mkaazi wa jimbo la Maryland, aliishtaki serikali ya Ethiopia mjini Washington. Alidai kwamba kompyuta ya nyumbani kwake iliingizwa programu ya upelelezi iitwayo FinSpy kupitia hati iliyoambatishwa kwenye barua pepe, na barua hiyo aliipata kwa mtu anayemjua. Alieleza kwamba kwa miezi kadhaa ilirekodi simu zake za Skype na barua pepe za familia, hadi mambo ambayo mwanawe aliyatafuta mtandaoni kwa ajili ya kazi ya shule. Machi 2017 mahakama ya rufaa iliiondoa kesi hiyo kwa sababu ya kinga ambayo sheria ya Marekani inazipa serikali za nje. Fundisho kwetu ni hili: kompyuta ya nyumbani ikiingiwa, baba, mama na watoto wote wameingiwa.

MILANGO MINNE YA KUINGILIA

Mlango wa kwanza ni programu zilizovunjwa kufuli. Mwenye kuivunja programu ya watu na kuigawa bure ana nafasi ya kutia ndani yake chochote anachotaka. Alama kubwa ya hatari ni ile iliyotupata sisi: programu yoyote inayokutaka uzime kinga kabla ya kuifungua, iache.

Na hapa pana suala la halali na haramu. Jopo la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi wa Desemba 1988, liliamua kwamba haki za utunzi, uvumbuzi na majina ya biashara ni haki za wenyewe zinazolindwa kisheria, na haifai kuzishambulia. Ziko programu nyingi za bure kwa idhini ya waliozitengeneza. LibreOffice inatosha kwa kuandika barua na kupiga hesabu, na kwa kuunganisha video iko Shotcut. Ya halali ipo, na ndiyo yenye usalama zaidi.

Mlango wa pili ni flashi. Hapa Chapwa tuko kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Stesheneri zinachapisha nyaraka za madereva na wafanyabiashara mchana kutwa, na flashi za watu wengi huingia kwenye kompyuta hiyohiyo moja. Visiwani ni vivyo hivyo: mwanafunzi anapeleka kazi yake kuchapisha, kijana anagawana darsa na kaswida na wenzake, flashi inazunguka mtaa mzima. Wengi wenu mmeona flashi ikirudi na mafolda yote yamegeuka njia za mkato, yenye mshale mdogo kwenye kona. Hivyo ni virusi. Mafolda yako halisi yamefichwa, na ukibofya ile njia ya mkato unaviwasha virusi kwenye mashine yako.

Mlango wa tatu ni viambatisho na viungo vinavyokuja kwa barua pepe na mitandao ya kijamii. "Umeshinda," "Ankara yako hii hapa," "Tazama picha zako." Mei 2000 virusi vilivyokuja kwa barua pepe yenye kichwa cha maneno ya mapenzi vilitoka Ufilipino na kuenea duniani kwa siku chache tu, kwa sababu kila aliyefungua aliwapelekea wenziwe wote. Kwa hiyo kumjua aliyetuma si dhamana. Huenda naye ameshaingiwa, kama ilivyokuwa kwangu.

Mlango wa nne ni mfumo uliopitwa na wakati. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilianza kufunga mafaili ya watu na kudai fidia. Vilifika katika nchi zipatazo 150, na hospitali nyingi za Uingereza zilikwama. Lakini tundu vililopitia lilikuwa limekwishazibwa na Microsoft mwezi wa Machi mwaka huohuo. Walioumia zaidi ni wale ambao hawakupokea masasisho, yale tunayoyaita apdeti. Kompyuta nyingi za majumbani kwetu ni za mtumba, na hili linatuhusu. Windows 7 iliacha kupata masasisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 imefika mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025, ila watumiaji wa nyumbani wanaojiandikisha wamepewa muda zaidi hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Ikiwa mashine yako haikubali Windows 11, mwombe fundi mwaminifu akuwekee Linux Mint au Ubuntu. Zote ni za bure, ni halali, na hupokea masasisho.

HATUA ZA KUILINDA NYUMBA

1. Tumia kinga iliyomo ndani. Windows 10 na 11 zina Microsoft Defender, haununui kitu. Hakikisha imewashwa, na kila wiki iache ichunguze mashine nzima. Usiweke antivairasi mbili kwa pamoja, kwani hugombana na kuifanya mashine iwe nzito.

2. Ruhusu masasisho. Najua bando ni ghali. Basi chagua siku moja katika wiki, mashine iachwe imewashwa mpaka imalize. Gharama ya masasisho ni ndogo kuliko ya kupoteza kila kitu.

3. Mpe kila mtu akaunti yake. Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza zaidi. Katika Windows kuna akaunti ya msimamizi na akaunti ya kawaida. Mzazi awe na ya msimamizi, na aitumie pale tu panapohitajika. Watoto, na hata mzazi mwenyewe katika kazi za kila siku, watumie ya kawaida. Programu nyingi zikitaka kujipachika kwenye mfumo zitaomba neno la siri la msimamizi. Hapo ndipo panapopigwa hodi. Si kila programu mbaya huomba idhini, lakini mtoto akilazimika kukuita utapata nafasi ya kuuliza: hii ni nini, na imetoka wapi?

4. Onesha miisho ya majina ya mafaili. Fungua folda yoyote, bofya neno View, kisha weka alama penye maneno File name extensions. Katika Windows 11 utayakuta chini ya neno Show. Darsa la sauti mara nyingi huishia na mp3, video na mp4, kitabu na pdf. Ukiona faili lililoitwa "Mawaidha.mp3.exe", hilo si mawaidha. Mwisho wa exe, scr, vbs au bat maana yake ni programu inayotaka kuendeshwa.

5. Ichunguze kila flashi kabla ya kuifungua. Ibofye kwa kitufe cha kulia, kisha chagua ichunguzwe na Defender. Ikiwa mafolda yamegeuka njia za mkato, usibofye hata moja. Ichunguze kwanza, kisha fungua dirisha la amri, yaani Command Prompt, na uandike: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ila badala ya E weka herufi ya flashi yako. Mafolda yaliyofichwa yataonekana tena, in shaa Allah.

6. Ukienda stesheneri, chukua flashi ya kuchapishia tu, isiyo na kitu kingine. Au tuma hati ya pdf kwa simu yako kwenda kwenye namba ya duka. Usifungue barua pepe yako kwenye kompyuta ya duka, kwani hujui ni nani anayerekodi unachoandika.

7. Usihifadhi neno la siri la barua pepe au la benki kwenye kivinjari cha kompyuta inayotumiwa na wengi. Kila akaunti iwe na neno lake, na washa uthibitisho wa hatua mbili.

8. Weka nakala. Hati ya shamba la mikarafuu, karatasi za mirathi, vyeti vya watoto na picha za wazee waliotangulia mbele ya haki zisikae mahali pamoja tu. Zinakili kwenye diski ya nje, kisha ichomoe na uiweke kabatini. Diski iliyoachwa imechomekwa hufungwa pamoja na kompyuta virusi vya kudai fidia vinapoingia.

9. Ziba kamera kwa kipande cha karatasi wakati huitumii. Na ukimpelekea fundi mashine, ondoa kwanza picha za familia. Picha ya mama au dada akiwa nyumbani bila ya hijabu ni amana, na haifai kuikabidhi dukani.

10. Wekeni makubaliano ya pesa. Sisi sasa tumekubaliana: hakuna anayetuma pesa kwa ujumbe wa maandishi mpaka asikie sauti ya mwenyewe, na amuulize jambo ambalo halikuandikwa popote. Ujumbe wa kitapeli, kama ule wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", unaweza kuupeleka kwenye namba 15040 iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA.

DALILI, NA CHA KUFANYA UKISHAINGIWA

Dalili zinazoonekana mara nyingi ni hizi: mashine kuwa nzito ghafla, bando kuisha haraka kuliko kawaida, kinga kujizima yenyewe, ukurasa wa mwanzo wa kivinjari kubadilika, taa ya kamera kuwaka bila ya kuitumia, au watu kukuambia wamepata ujumbe ambao hukuutuma. Dalili moja peke yake si ushahidi, lakini usiidharau. Nyumbani kwangu hatukuona yoyote isipokuwa hiyo ya mwisho.

Ukishuku, fuata mpangilio huu. Kwanza, kata intaneti. Pili, usiandike neno lolote la siri kwenye mashine hiyo. Tatu, chukua simu au kompyuta nyingine iliyo salama, badilisha neno la siri la barua pepe kabla ya mengine, kisha agiza akaunti zako zitoke kwenye vifaa vyote. Usisahau hili la mwisho: mwizi aliyechukua ule uthibitisho wa akaunti iliyo wazi anaweza kubaki ndani hata baada ya neno la siri kubadilika. Nne, wajulishe jamaa mapema. Mimi nilichelewa kwa sababu ya haya, na shangazi naye nusura atume. Tano, ichunguze mashine kwa Defender, ukitumia ule uchunguzi unaofanyika kabla ya Windows kuwaka. Sita, ikiwa wizi umethibitika, nakili hati zako tu bila ya programu, kisha mfumo ufutwe na uwekwe upya. Ikiwa umeibiwa pesa, wapigie mara moja watoa huduma wa mtandao wako wa simu, na utoe taarifa polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ya idhini.

JE, INAFAA KUWAPELELEZA WA NYUMBANI?

Baadhi ya watu husikia habari za programu hizi na kuzitamani: mume amwekee mkewe, au mke amwekee mumewe. Tukumbuke kwamba aya ya 12 ya Suratul Hujurat imekataza kupelelezana, na aya ya 27 ya Suratun Nur imetuamrisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu. Wanavyuoni wanaeleza kwamba miongoni mwa hekima za hodi ni kulinda jicho lisione lisilo lake. Mwenye tatizo katika ndoa yake awaendee masheikh wa kuaminika awaulize kwa hali yake. Na kwa upande wa kompyuta, programu hizo hupeleka siri za nyumba yako kwa kampuni au mtu usiyemjua kabisa. Ukimpeleleza wa kwako, umemkaribisha wa nje akupeleleze nawe.

Watoto wadogo wana hukumu yao, kwani mzazi ni mchunga na ataulizwa. Lakini uchungaji wa kompyuta unafaa uwe wa wazi: mashine ikae sebuleni, saa zijulikane, na akaunti ya mtoto iwe na mipaka anayoielewa.

MWISHO

Yule kijana alilia alipojua kilichotokea. Sikumfukuza wala sikumnyang'anya mashine. Hakuwa ameiba kwa makusudi, na mimi mwenye nyumba sikuwahi kumfundisha. Tulikaa pamoja siku ya Ijumaa baada ya sala, tukaifuta mashine na kuiweka upya, akaunti ya msimamizi nikabaki nayo mimi. Sasa akitaka programu huja kwanza na kusema, "Ami, hodi." Tunaitazama pamoja. Zile laki mbili nimemlipa dada kidogo kidogo, kwa sababu jina lililotumiwa kumlaghai lilikuwa langu.

Ndugu wazazi, msingojee mpaka mpigiwe simu kama niliyopigiwa mimi. Leo usiku, kabla ya kulala, iwasheni kompyuta ya nyumbani na mtazame mambo matatu: kinga imewashwa? Masasisho yameingia? Watoto wanatumia akaunti ya nani? Kazi hiyo haichukui hata nusu saa.

Allah (s.w.) atuhifadhie nyumba zetu na siri zetu. Aamin. Wabillahi tawfiq.